Kabla Hujashika Koleo, Uliza Kazi

Kila kundi jipya la matabibu wa meno likiingia Kanda ya Ziwa, kadi zinasomeka vilevile: "Ufizi unavuja damu, usafi duni. Metro, kusafisha, kung'oa 31 na 41" (yaani dawa ya metronidazole, na meno mawili ya mbele ya chini). Kwenye nafasi ya kazi: "mkulima". Jamani wadogo zetu! Misungwi, Sengerema na Geita, mkulima wa masika mara nyingi ndiye mchimbaji wa dhahabu wa kiangazi, na zebaki anayonasia dhahabu huumiza ufizi na mwili.

1. Uliza kwa lugha yake. "Dhahabu unachoma mwenyewe? Unakaa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe? Unaosha marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kusagwa?" Wa karashani angalia ncha za meno ya mbele. Vumbi la kwatzi, jiwe linalobeba dhahabu, lina ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs, enameli, gamba la nje la jino, 5 tu, na mtu anayebeba mawe huhemea mdomo. Meno yanasagwa kama msasa umepita.

2. Mchomaji, anayeunguza dhahabu iliyoshikana na zebaki hadi zebaki itoke kama mvuke, ndiye tuliyemkosea, na tunasema "sisi" kwa sababu hakuna mkongwe aliye msafi hapa. Kijana wa miaka 25 anakaa kitini. Ufizi umevimba, mwekundu, mate yanamjaa hadi anameza kila sekunde, anasema mdomo una ladha ya chuma. Tunaona ugaga kidogo, tunafurahi: jibu limepatikana. Hatujiulizi kwa nini ugaga kiduchu umeleta moto mkubwa hivyo. Tunasafisha, tunaandika metronidazole, tunamhubiria mswaki kama mtoto wa chekechea. Wiki inayofuata kapata nafuu, kwa kuwa maumivu yalimweka nyumbani, mbali na jiko. Sifa tunachukua sisi. Anarudi kuchoma, anarudi kwetu, tunang'oa. Jino linatoka kirahisi, nasi tunausifu mkono wetu! Na fomu ya ridhaa ilikuwa mezani muda wote, saini yake imepinda kama njia ya sisimizi.

Mnyooshee mikono, vidole vimeachana, weka karatasi juu yake: ikitikisika, umeona dalili ya zebaki. Atoe ulimi, mwangalie unavyotetemeka. Kisha mwandikie rufaa kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa za kuondoa zebaki mwilini si kazi ya chumba cha meno. Zebaki huchemka nyuzi 357, lakini mvuke wake huanza mapema, hauna rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya unaovutwa, kama asilimia 80, hubaki mwilini. Kitambaa puani hakiuzuii, wala barakoa ya vumbi. Mtungi uliofungwa wenye bomba la kupoozea husaidia, nje, mbali na sufuria za chakula. Muulize pia nani anakaa karibu na jiko hilo. Mara nyingi ni mke na mtoto mgongoni.

3. Kipimo ni mkojo. Damu ya mla sangara inaweza kubeba zebaki ya samaki, ambayo ni ya aina nyingine, ikakupoteza. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, mgonjwa akiwa amenawa na kuvua nguo za kazini, na uombe kreatinini pamoja nao, ili ujue mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani. Kabla ya hapo iulize maabara inataka chombo gani. Chupa iliyolala mgodini tupa.

4. Si kila doa la kahawia kwenye jino ni la mgodi. Maji ya kanda hii yana floridi nyingi sehemu kadhaa: madoa yake hukaa ndani ya enameli, pande zote mbili sawa, tangu utotoni. Kwaruza kidogo; likitoka, lilikuwa juu.

5. Usimzibe jino kwa amalgamu, ule mjazo wa rangi ya fedha, karibu nusu yake ni zebaki. Glasi ayonoma, mjazo usio na zebaki, kwa ART, mbinu ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine iliyoanzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980, inatosha. Amalgamu ya zamani iliyo nzima iache. Ukiichimbua unamwongezea mvuke, na wewe unauvuta.

6. Akikuuliza kuhusu maziwa, mwambie hayatoi zebaki. Anywe kwa njaa yake.

7. Tarehe ya kurudi. Nusu ya zebaki huchukua kama miezi miwili kutoka, kwa hiyo usimwite baada ya siku saba ukakata tamaa, wala usikimbilie koleo kwa jino linalocheza kidogo. Mwandikie miezi miwili, na pembeni ya kadi, kwa wino mwekundu: "Bado anachoma?"