Masta ya akiolojia: mwiko utauzoea, kazi iko kwenye fomu

Kama unawaza kusoma masta ya akiolojia yenye fildi nyingi, ngoja nikwambie kitu ambacho mimi nilikijua nimeshachelewa: kuchimba ndo sehemu rahisi. Mwiko wa kuchimbia utauzoea ndani ya wiki mbili, magoti nayo yatanyamaza, ila kuandika ulichokiona, hapo ndo watu wanalia.

Wiki yangu ya kwanza niliona kigae kimechomoza ukutani, nikakichomoa fasta, nacheka mwenyewe. Msimamizi akauliza swali moja tu, kimetoka tabaka gani la udongo? Nikabaki namtumbulia macho. Kigae kilikuwa kizuri, kina michoro kabisa, lakini kilishageuka pambo, maana tabaka ukishalichimba umelimaliza, hakuna kurudia.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ulizia, fildi ni wiki ngapi, na je wanafunzi wenyewe ndo wanajaza fomu za matabaka, wanapima na kuchora, au wanabeba ndoo za udongo tu wakati wengine wanaandika? Kuna kambi niliwahi kulipia nikabeba ndoo mwezi mzima, sina hamu.

Jifunze kuchora ukuta wa shimo kwa mkono, skeli 1:10. Najua siku hizi kuna droni na modeli za 3D, lakini picha haikulazimishi uamue tabaka hili linaishia wapi, penseli inakulazimisha. Na udongo ukikaukia juani mistari yote inapotea, unabaki na ukuta mmoja wa kahawia, sasa hapo chukua chupa ya kupulizia maji, puliza kidogo, utaona matabaka yanarudi moja moja. Hapo hapo soma rangi kwa chati ya Munsell (ile yenye vipande vya rangi vya kulinganisha na udongo) udongo ukiwa bado na unyevu, na uvue miwani ya jua (usicheke, nimeona mtu).

Mifuko ya vitu weka lebo mbili, ndani na nje.

Halafu kuna ule mchoro wa Harris, aliobuni Edward Harris mwaka 1973, unaoonyesha tabaka lipi lilitangulia lipi. Uchore kila jioni hata kama umechoka vipi. Mimi nilisubiri msimu uishe, nikaja kukuta shimo moja la nguzo liko juu ya sakafu na pia chini ya sakafu hiyo hiyo, na mchimbo wenyewe tulishaufukia, nikakaa wiki tatu nabishana na mwandiko wangu mwenyewe.