Ngoma kavu za miaka ya 1970

Ndugu, unataka ngoma zako zilizorekodiwa zisikike kavu, yaani zisizovuma, kama za miaka ya 1970; unasema umeondoa mwangwi wote kwenye kompyuta na bado zinasikika za kisasa. Tatizo liko kabla ya maiki. Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, alikuwa akitandika taulo za jikoni juu ya ngoma zake. Nawe fanya hivyo. Legeza ngozi ya sneya (ngoma ndogo yenye nyaya chini), kunja kitambaa mara mbili, kisha kibandike kwa utepe ukingo mmoja tu ili kiruke kidogo fimbo ikigonga. Utasikia “tup” badala ya “taaang”. Kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, itie blanketi ndani. Maiki ziwe karibu, chumbani kuwe na zulia na mapazia mazito. Baadaye punguza taratibu masafa ya sauti yanayozidi kilohezi 10, yaani sauti nyembamba kali. Kompresa, kile kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo? Tumia kidogo tu, ingawa mimi mwenyewe huwa naizidisha.