Kisigino, kiwiko na mashine ya mawimbi: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu nimechagua maswali ya kano (kamba zinazoshikiza misuli kwenye mifupa) na ile tiba ya mawimbi ya mshtuko, ambayo wengi wenu mnaandika "shokiwevu". Walioandika "naomba dawa ya mguu" bila kusema mguu gani, unauma wapi na tangu lini, majibu yao hayapo.

Kisigino kinauma wiki ya pili sasa. Nipande basi niende Dar nikapigwe shokiwevu? (Dereva bodaboda, Chikongola, Mtwara)

Hapana. Wiki mbili bado ni mapema mno. Tiba hii ni ya maumivu yaliyokaa miezi mitatu na zaidi, tena kwa mtu aliyekwisha kufanya mazoezi sawasawa na hakupata nafuu. Vaa kiatu chenye soli nene badala ya kandambili, punguza kusimama, kisha soma jibu la mwalimu hapa chini.

Nina maumivu chini ya kisigino, huu ni mwezi wa nane tangu yaanze. Nikishuka kitandani asubuhi hatua ya kwanza ni kama nakanyaga msumari. Mashine hiyo inafanya nini, ni mara ngapi, na inauma? (Mwalimu, Masasi)

Mwalimu, wewe ndiye hasa mlengwa. Mashine zinazopatikana zaidi ni za aina ya kutawanya: kompresa inasukuma hewa, hewa inarusha kipande cha chuma ndani ya mpini, nacho kinagonga kichwa kilichogusa ngozi yako. Nguvu ni kubwa pale juu na inapungua kadiri inavyoingia ndani. Aina ya pili hukusanya mawimbi yakutane kwenye kina kilichochaguliwa, na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa utando wa unyayo, ule unaotoka kisigino hadi vidoleni na ndio unaokuuma, yoyote kati ya hizo inafaa.

Unalala kifudifudi, mtaalamu anabonyeza mpaka umwambie "hapo hapo", anaweka alama, anapaka jeli ya kutosha. Anaanza na presha ya bari 1.5 na kupandisha taratibu hadi 2 au 3 kadiri unavyovumilia. Mapigo 2,000 kwa kasi ya mapigo 10 kwa sekunde ni dakika tatu na ushee. Mara moja kwa wiki, wiki tatu hadi tano, basi. Ukiuziwa kifurushi cha mara kumi na mbili cha kulipia kabla, toka.

Inauma, ndiyo. Ila usikubali ganzi: maumivu yako ndiyo yanayomwongoza mtaalamu, na waliochomwa ganzi kabla ya mapigo wamepata matokeo mabaya kuliko wasiochomwa. Kipindi chote hicho achana na diklofena na ibuprofeni, kwa sababu lengo la mapigo ni kuuamsha mwili uanze upya ukarabati, na dawa hizo zinaweza kuupoza. Ukishindwa kuvumilia, parasetamoli inatosha. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza; nafuu ya kweli hupimwa wiki ya sita hadi ya kumi na mbili. Wanaosema "haikunisaidia" siku ya nne wananichosha.

Tiba inaharibika wapi? Jeli kidogo, kwa hiyo mawimbi yanaishia kwenye hewa. Presha kubwa tangu pigo la kwanza, mgonjwa anakakamaa na kichwa kinahama kwenye alama. Vipande vya ndani ya mpini vimechakaa: kelele ni ileile, nguvu haipo. Na kosa kubwa kuliko yote: mgonjwa anapigwa, analipa, anaenda nyumbani, mazoezi hafanyi. Mapigo ni msaidizi tu. Kinachojenga kano na utando ni mzigo unaoongezwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo anza leo, kabla hata ya nauli. Simama kwenye ngazi ya baraza kwa mguu unaouma, vidole vikiwa juu ya taulo lililokunjwa ili vijikunje kwenda juu, kisigino kikielea nje ya ngazi. Panda kwa sekunde tatu, kaa juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Mara 12, seti tatu, siku moja fanya na siku moja pumzika. Baada ya wiki mbili vaa begi lenye vitabu, punguza hadi mara 10 lakini seti ziwe nne. Wiki mbili nyingine mara 8, seti tano, vitabu viongezeke. Fanya hivyo kwa miezi mitatu. Kipimo cha maumivu: kati ya sifuri na kumi, hadi tano wakati wa zoezi si neno, mradi kesho asubuhi hali isiwe mbaya kuliko leo asubuhi.

Ukiona lazima Dar, usipange safari tano za kilomita zaidi ya 500 kila moja. Zungumza na kliniki kabla, panga mara tatu ndani ya wiki mbili za likizo, fikia kwa ndugu.

Picha ya eksirei imeonyesha mwiba (mfupa uliochomoza) kwenye kisigino. Shokiwevu itauvunja? (Mama lishe, Nachingwea)

Haiuvunji, wala haina haja. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa. Dhana ya kuvunja imetokana na asili ya teknolojia: Ujerumani, mwaka 1980, mawimbi haya yalianza kutumika kwa binadamu kupasua mawe ya figo. Kwenye kano na utando nguvu ni ndogo na kazi ni nyingine. Tibu utando, mwiba uache ukae.

Nabangua korosho. Kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje mwaka mzima, hata kukamua nguo siwezi. Nimechomwa sindano mara tatu, kila mara napona mwezi mmoja kisha inarudi kali zaidi. Sasa nataka mashine. (Newala)

Dada, sindano hiyo kwa maelezo yako ni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, na ulivyosimulia ndivyo inavyofanya: raha ya wiki chache, kisha madeni. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006 uliofuata watu 198 wenye kiwiko kama chako ulionyesha kwamba kufikia mwaka mmoja waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko waliofanyiwa fiziotherapia, na mbaya hata kuliko walioachwa wangoje tu. Usikubali ya nne. Ukiangalia pale ilipoingia sindano na kukuta ngozi imepauka au imebonyea, ni kazi ya dawa hiyohiyo.

Mashine isubiri angalau wiki sita tangu sindano ya mwisho, maana kano iliyotoka kulegezwa na steroidi haifai kupigwa. Hata hapo sitakuahidi mengi: ushahidi wa mawimbi kwenye kiwiko ni wa kuyumba, tofauti na kisigino.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza mchanga mkavu. Utapata kama gramu 800. Laza mkono mezani, kiganja kitazame chini, kifundo kining'inie nje ya ukingo. Wiki mbili za mwanzo inua na ushikilie bila kutikisika sekunde 30 hadi 45, mara tano, kila siku. Kisha shusha polepole na kuinua, mara 15, seti tatu. Chupa ikiwa nyepesi, tafuta ya lita moja. Kazini, badili zamu ya mkono kila unapoweza, na ndoo inua kiganja kikitazama juu. Kumwambia mbanguaji apumzike msimu wa korosho ni maneno ya mtu asiyelipa ada ya shule. Punguza tu, usiache.

Nina miaka 41, nachezea maveterani. Nilikuwa natumia sipro (antibiotiki ya siprofloksasini) ya mkojo, nikiwa uwanjani nikasikia "paa" nyuma ya kifundo kama nimepigwa teke, kumbe hakuna mtu. Naweza kutembea. Wananichua kila jioni. Mawimbi yatasaidia? (Lindi)

Acha kuchuliwa leo. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu aminye kigimbi. Mguu mzima utaona wayo ukisogea chini. Ukiminya huu ulioumia na wayo ukabaki kimya, kano ya kisigino imekatika. Kuweza kutembea hakuthibitishi chochote, kuna misuli mingine inayosaidia. Nenda Hospitali ya Sokoine mara moja, wayo ukiwa umefungwa ukielekea chini. Kila wiki inayopita inafanya matibabu kuwa magumu. Kupigwa mawimbi kano iliyokatika ni marufuku.

Na ninyi wengine mnaonunua sipro dukani kila mkojo ukichoma: dawa za kundi hilo, pamoja na levofloksasini, zina onyo rasmi la kukata kano, hasa kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia steroidi. Aliyeandikiwa na daktari, kwa mfano mgonjwa wa kifua kikuu sugu kwa dawa, asiache mwenyewe. Kano ikianza kuuma arudi aseme siku hiyohiyo.

Bega linauma tangu msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Mawimbi? (Tandahimba)

Eksirei kwanza. Kukiwa na chokaa (kalisi iliyoganda) kwenye kano, mawimbi yanafaa, na hasa ile aina ya kukusanya. Kusipokuwa na chokaa, pesa yako iende kwenye mazoezi.

Nimeona mtandaoni "shokiwevu ya mkononi" inayochajiwa kama simu. Ninunue?

Hiyo ni mashine ya kukandia misuli. Usinunue.

Mama yangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mdogo wangu ni mjamzito. Wote wanaumwa visigino. Wanaweza kupigwa?

Mama hapana, anaweza kuvuja damu ndani. Mjamzito asubiri ajifungue. Ongeza kwenye orodha: penye uvimbe wa saratani, penye usaha au kidonda, juu ya mapafu, na kwenye ncha za mifupa ya mtoto anayekua. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake hazihisi aseme mapema, kwa sababu hataweza kumwonyesha mtaalamu panapouma wala kumwambia presha imezidi. Zoezi la taulo mama anaweza kuanza kesho, akiwa ameshika ukuta.