Jibu: C+ na hofu ya hesabu kwenye usimamizi wa biashara

Mdogo wangu wa Likoni, umeuliza kama mwenye C+ ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) na anayeogopa hesabu ataiweza shahada ya usimamizi wa biashara hapa hapa Mombasa. Utaiweza. C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada nchini. Ila kila chuo kina masharti yake ya masomo, hasa hesabu na lugha, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, kabla hujajaza chaguo lolote.

Sasa hizo hesabu. Nyingi ni za namna hii: muuza viazi karai analipa kodi ya kibanda shilingi 6,000 kwa mwezi. Sahani anauza 50, na viazi, unga, mafuta na makaa vinakula 30. Kila sahani inambakishia 20, basi lazima auze 300 ndipo kodi irudi, na faida inaanzia sahani ya 301. Umeona? Hiyo ni mada ya darasani kabisa. Takwimu ndiyo itakayokutoa jasho, usiirundike hadi wiki ya mtihani.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, utavuka feri na kupanda matatu tu. Ombi la mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lipeleke mapema, wengi huchelewa bure. Na ukifika wakati wa mafunzo kazini, nakusihi ujaribu kwa mawakala wa forodha. Mji huu unaishi kwa bandari, na huko utashika ankara na hati za mizigo kwa mikono yako.