Imepungua "kwa" au imepungua "hadi"? Namna ya kutangaza habari za gesi joto

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii hapa Pemba. Nilipewa habari ya mazingira niisome hewani, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Uingereza imepunguza gesi joto hadi asilimia 53 tangu mwaka 1990." Nilisita kuisoma. Mhariri akaniambia haina ubaya. Je, ni sahihi? Na tukisema "gesi imepungua", "utoaji umeshuka" au "nchi imepunguza", yote ni mamoja? Wengine husema pia "imepungua mara mbili". Naomba unisaidie.

Jibu: Waalaykum salaam. Umefanya vyema kusita. Sentensi hiyo ina kasoro mbili, na moja inageuza hesabu nzima.

Nianze na hiyo ya hesabu. "Kwa" hutaja kilichoondoka. "Hadi" hutaja pale kilipofikia. Mnadani hakuna anayekosea jambo hili. Dalali akisema fungu la changu limeshuka kwa elfu mbili, mnunuzi huchukua bei ya mwanzo akaitoa elfu mbili. Akisema limeshuka hadi elfu mbili, watu watasukumana. Sasa itazame Uingereza. Mwaka 1990 ilitoa zaidi ya tani milioni 800 za gesi joto, yaani gesi zinazozuia joto lisitoke angani, zote zikigeuzwa katika kipimo kimoja cha hewa ukaa (kaboni dioksidi). Mwaka 2023 ilitoa takriban tani milioni 385. Kilichoondoka ni kama asilimia 53, kilichobaki ni kama 47. Tarakimu hizo zimekaribiana mno, ndiyo maana kosa lilimpita mhariri wako. Lau nchi ingekuwa imepunguza kwa asilimia 10 tu, nawe ukasoma "hadi asilimia 10", wasikilizaji wangeamini imekaribia kuzima kila tanuri na kila gari.

Kasoro ya pili ni kwamba neno "utoaji" limeachwa, na uzito wake huonekana kwenye kiambishi. "Utoaji wa gesi joto umepungua" na "gesi joto imepungua" ni habari mbili tofauti. Katika ya kwanza, "u-" inarejea utoaji, yaani kile kinachotoka kwenye mabomba na mashamba kwa mwaka. Katika ya pili, "i-" inarejea gesi yenyewe, na msikilizaji ana haki ya kufahamu kwamba angani sasa mna gesi chache kuliko zamani. Hilo si kweli. Kituo cha Mauna Loa kule Hawaii kimekuwa kikipima hewa ukaa tangu 1958. Mwaka ule zilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Siku hizi zimepita 420, na hakuna muongo hata mmoja zilioshuka. Nchi moja inaweza kutoa kidogo kuliko mwaka jana, na gesi angani zikazidi vilevile, kwa sababu hiyo kidogo huongezwa juu ya iliyokuwapo, na hewa ukaa hukaa angani kwa karne nyingi. Kwa hiyo neno "utoaji" usiliache, hata kama sentensi inarefuka. Wapo wanaosema "uzalishaji". Limeenea, sina ugomvi nalo, ila mimi hupenda "utoaji", kwa kuwa uzalishaji hunipeleka kwenye bidhaa iliyokusudiwa, na gesi hizi hakuna anayezikusudia.

Na hapa niseme kwa ufupi: hewa ukaa ni gesi moja tu kati ya gesi joto. Methani ya ng'ombe, ya mabonde ya mpunga na ya taka zinazooza majaani nayo imo, pamoja na ile itokayo kwenye mbolea za chumvichumvi. Ripoti ikisema gesi joto, usiigeuze hewa ukaa.

Tuje kwenye "imepungua" na "imepunguza". Kiswahili kimetupa neema hapa, na sipendi kuiona ikipotea. Kitu hupungua chenyewe au kwa sababu yoyote ile. Anayekipunguza ana kusudio na kazi aliyoifanya. Mwaka 2020, wakati wa korona, utoaji wa hewa ukaa duniani ulipungua kwa takriban asilimia 5. Ulipungua, hakuna aliyeupunguza. Ndege zilikaa chini na viwanda vikafungwa, na mwaka uliofuata utoaji ukarudi karibu na pale ulipokuwa. Urusi nayo, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, utoaji wake uliporomoka kwa kuwa viwanda vilikufa. Nao ulipungua. Uingereza unaweza kusema imepunguza, maana ilitunga sheria ya tabianchi mwaka 2008, na tarehe 30 Septemba 2024 ikafunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Lakini hata hapo ongeza maneno "ndani ya nchi". Hesabu ile haiingizi ndege na meli za safari za kimataifa, wala moshi wa viwanda vya ng'ambo vinavyotengeneza bidhaa wanazonunua Waingereza.

Mfano wa karibu unao hapohapo Pemba. Kabla ya 2010 umeme wenu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha. Ulipofika waya wa baharini kutoka Tanga, moshi wa Wesha ukapungua. Mtu akitangaza "Pemba imepunguza utoaji wa gesi joto kwenye umeme", nitamuuliza: umepunguzwa, au umehama? Jibu ni yote mawili. Umeme wa Bara hutokana na maji na gesi asilia pia, basi moshi mmoja umekufa na mwingine umehamia upande wa pili wa bahari. "Kuhama" ni kitenzi chepesi, kila msikilizaji anakijua, na katika habari hizi hutumika mara chache mno.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokukuta mara nyingi zaidi. Tanzania, katika mchango wake wa kitaifa (yaani ahadi ya nchi) uliowasilishwa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, imelenga kupunguza utoaji kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030. Ukisoma hivyo tu, mzee wa Micheweni atafahamu kwamba 2030 tutatoa theluthi moja pungufu ya tunachotoa leo. Sivyo ilivyoandikwa. Kipimo si leo wala si 1990, bali ni makadirio ya kiasi ambacho nchi ingetoa mwaka huo kama hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa. Nchi inakua, watu wanaongezeka, umeme unasambaa. Utoaji unaweza kupanda na lengo likafikiwa vilevile.

Kwa hili hatuhitaji istilahi nzito. Tuna "-nge-". Sema: "Ifikapo 2030, utoaji wa Tanzania utakuwa chini kwa kati ya asilimia 30 na 35 kuliko vile ambavyo ungekuwa bila ya hatua hizi." Hiyo "ungekuwa" inabeba mzigo wote. Nimeona ikiachwa katika taarifa nyingi kwa ajili ya kufupisha, na kila inapoachwa msikilizaji anapewa ahadi ambayo haikutolewa. Tazama pia kwamba nimeandika "kati ya 30 na 35", sikuandika "30 hadi 35". Masikioni, "kupungua asilimia 30 hadi 35" huleta utata uleule tulioanza nao.

Ukilinganisha nchi, taja kama ni jumla au ni kwa kila mtu. China hutoa nyingi kuliko Marekani. Mmarekani mmoja hutoa nyingi kuliko Mchina mmoja. Sentensi zote mbili ni kweli.

Kuhusu mwenendo wa miaka, "umepungua tangu 1990" hulinganisha ncha mbili tu. Ukitaka kuonyesha mteremko wenyewe, sema "umekuwa ukipungua", nawe uwe na hakika kwamba kweli uliteremka karibu kila mwaka. Na ripoti ikieleza kwamba kasi ya ongezeko imepungua, usiifupishe ikawa "utoaji umepungua", maana hapo bado unapanda.

Ama "imepungua mara mbili", iache kabisa. Wapo watakaofahamu imebaki nusu, na wapo watakaofahamu ilishuka mwaka huu kisha ikashuka tena. Kama ni nusu, sema "umebaki nusu".