Kupongeza si kuuza wafuasi

Ndugu, umeuliza kama mgombea anayempongeza mpinzani wake amewauza wafuasi wake. Hapana. Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, hatuhitaji kwenda mbali, tuvuke tu mpaka wa Kasumbalesa tuingie Zambia. Agosti 2021 Edgar Lungu, aliyekuwa rais wa Zambia wakati huo, kwanza alilalamika kwamba uchaguzi haukuwa huru. Matokeo yalipotoka, mpinzani wake Hichilema amemzidi kwa kura karibu milioni moja, akakubali kwenye televisheni, na tarehe 24 alikuwepo uwanjani kumkabidhi nchi. Na huyo Hichilema alikuwa ameshindwa mara 5, tena 2017 alilala gerezani miezi 4 kwa kesi ya uhaini!

Lakini huwezi kumdai mtu tabasamu kabla hajaonyeshwa hesabu. Kwetu Kongo, baada ya kura za urais za 2018, Fayulu, mgombea wa upinzani aliyetangazwa kushindwa, alikwenda Mahakama ya Katiba kupinga matokeo. Ile ni haki, si roho mbaya. Mashahidi wa vyama wapate kwanza nakala za matokeo, kituo kwa kituo, ndipo umuulize mtu kwa nini hapigi simu ya pongezi.

Mimi wanaonichosha ni wale wa kupiga honi na kuimba matusi mbele ya nyumba ya aliyeshindwa. Kesho mtakutana sokoni, bana.