Amechukua WhatsApp yangu, je, na hela ya kwenye simu ataifikia?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi nanunua dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kutuma kwa wateja Dar. Jana asubuhi alinipigia mtu akajitaja kama mteja wangu, akasema kuna namba sita zimekuja kwenye simu yangu kwa bahati mbaya, nimsomee. Nikamsomea. Muda si mrefu WhatsApp ikanitoa. Sasa anawaandikia wateja kwa jina langu, anataka advansi ya mzigo kwenye namba nyingine, na wawili wameshatuma. Laini yangu bado inapiga na kupokea. Kwenye M-Pesa nina hela ya mtaji. Ataifikia? Na nifanyeje isijirudie?

JIBU: Pole sana mama. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hela ya M-Pesa haifunguliwi na WhatsApp. Anayetaka kuitoa anahitaji laini yako iwe kwenye simu yake, na pia namba yako ya siri. Huyu hana laini. Ila kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa wewe au mtoto, ibadilishe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Sasa mtoe. Fungua WhatsApp, andika namba yako ileile, omba namba za uthibitisho upya. Zitakuja kwa meseji kwenye laini yako. Ukishaziingiza, yeye anatolewa palepale. Huenda baada ya hapo ikakudai PIN nyingine ya tarakimu sita usiyoijua. Hiyo ameiweka yeye ili akufungie nje. Usianze kubahatisha. Utasubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia bila hiyo PIN, lakini siku zote hizo hata yeye hayumo, hawezi tena kumwandikia mtu. Ukisharudi, nenda kwenye Mipangilio, kisha Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN yako mwenyewe. Angalia pia vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kiondoe.

Wateja wapigie simu leo, wakusikie sauti. Waambie jambo moja: kabla hela haijatoka, simu huwaonyesha jina la anayepokea. Jina lisipokuwa lako, waache. Wale wawili wapige huduma kwa wateja ya mtandao wao, 100, sasa hivi, kwa sababu hela ambayo bado haijatolewa kwa wakala ndiyo yenye nafasi ya kuzuiwa. Namba ya tapeli ripoti kwa kutuma kwenda 15040, halafu nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wateja wako wakiona RB wataelewa kwamba si wewe uliyewala.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, mama, ni laini. Laini ndiyo inayopokea namba za WhatsApp, za barua pepe, za benki. Wapo matapeli wanaokwenda kurudisha laini ya mtu mwingine wakidai imepotea. Wakifanikiwa, yako inakufa. Niliwahi kuletewa simu hapa dukani Mwanga, mwenyewe akisema imeharibika, haishiki mtandao tangu asubuhi. Nikaifungua, nikasafisha sehemu ya laini, nikairudisha: “Hakuna huduma.” Nikachukua laini yangu ya mtandao uleule nikaiweka kwenye simu hiyohiyo, mistari minne ya mtandao ikajaa. Simu haikuwa na tatizo lolote. Tulipopiga 100 kwa simu yangu, akaunti ilikuwa tupu.

Ninyi wa mwaloni mmezoea mtandao kukata, kwa hiyo mnasubiri. Usisubiri. Mtandao ukipotea, muulize jirani mwenye mtandao kama wako. Yeye akiwa nao na wewe huna, azima simu yake hapohapo, piga 100, waambie wafunge laini na akaunti yako ya hela. Halafu piga *106# ukiwa umetulia, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoijua iripoti kwa mtandao husika.

Namba ya siri ya hela usimtajie hata wakala unayemwamini. Ibonyeze mwenyewe. Na mtaji wote usikae kwenye simu moja. Bakiza ya kununulia kesho, nyingine ipeleke benki.

Kama una Gmail, nayo iwekee uthibitishaji wa hatua mbili. Google watakupa namba 10 za akiba. Ziandike kwenye daftari la nyumbani, zisikae kama picha ndani ya simu.

Limebaki la PIN ya laini yenyewe, ile inayozuia mwizi kuchomoa laini yako na kuitia kwenye simu yake. Hiyo usijaribu peke yako. Ukikosea mara tatu laini inajifunga mpaka upate PUK, namba ya kuifungulia, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Siku ukija Mwanga kununua magunia, pita na simu yako na kadi ile ya plastiki laini ilikotoka, kama unayo. PUK imeandikwa pale.